Kuvu kwa Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Wakati: Mama Afahamu Nini?

(Muziki wa kufungua kipindi. Muziki unafifia.)



Leo tunazungumza hasa nawe mama ambaye mtoto wako yuko nasari, ile wodi ya hospitali ambamo watoto wachanga waliozaliwa mapema au walio wagonjwa huangaliwa usiku na mchana. Pengine wewe mwenyewe ulikwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, lakini mtoto angali ndani ya inkubeta, ana mpira puani na sindano ya dripu mkononi. Kila baada ya saa 3 unakwenda kumkamulia maziwa. Kila asubuhi unauliza, "Sista, leo ameongeza gramu ngapi?"

Mara nyingine mambo huenda hivi. Mtoto anavuka juma la kwanza. Shida ya kupumua inapungua, na mama naye anaanza kupata usingizi. Kisha, katika juma la pili au la tatu, hali inageuka. Mtoto analegea, maziwa hayashuki tumboni, pumzi inakatika na kurudi. Daktari anasema kuna maambukizi katika damu, na kwamba huenda ni kuvu. Mama anabaki akijiuliza: Kuvu? Imetoka wapi? Je, ni mimi niliyemletea?

Swali hilo ndilo tutakalolijibu leo. Tutaeleza kuvu ni nini, kwa nini inamshambulia mtoto aliyezaliwa mapema kuliko mtoto mwingine, dalili zake ni zipi, inatibiwaje, na wewe mama unaweza kufanya nini. Maana mama anaweza kufanya mengi.

KUVU NI NINI, NA INAISHI WAPI?

Tukisikia neno kuvu, wengi wetu hukumbuka mahindi yaliyoharibika ghalani, mkate uliokaa siku nyingi, au mapunye kichwani mwa mtoto wa shule. Hizo zote ni aina za kuvu, na wengine huita fangasi. Lakini zipo aina nyingi. Ile inayowasumbua zaidi watoto wachanga hospitalini inaitwa kandida.

Kandida haitoki mbali. Inaishi kwetu sisi watu. Inaishi mdomoni, tumboni, kwenye ngozi na katika njia ya uzazi ya mwanamke. Watu wengi wanayo wala hawana habari, kwa sababu mtu mwenye afya huishi nayo kwa amani. Ngozi yake ni ngumu, damu yake ina askari wa kutosha, na tumboni mwake mna bakteria wazuri wanaoinyima kuvu nafasi ya kuzaana.

Kwa hiyo mtoto anaweza kuipata kandida anapopita katika njia ya uzazi. Anaweza pia kuipata baadaye kutoka kwa mikono ya mtu yeyote anayemgusa, awe mzazi, muuguzi au daktari. Kuipata tu si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale kuvu inapopenya na kuingia ndani ya damu.

KWA NINI MTOTO ALIYEZALIWA MAPEMA?

Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati akizaliwa kabla ya majuma 37 ya mimba kutimia. Si jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani na washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni, yaani karibu mtoto 1 katika kila watoto 10. Wengi wao hawapati ugonjwa wa kuvu katika damu. Walio katika hatari kubwa ni wale wadogo kabisa: waliozaliwa kabla ya majuma 28, au wenye uzito chini ya gramu 1000, yaani hawajafika kilo moja. Wenye uzito chini ya gramu 1500 nao wanahitaji kuangaliwa kwa makini.

Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Ngozi ya mtoto huyu ni nyembamba kama karatasi, haijakomaa kuwa ukuta. Tena kinga nyingi ambayo mama humpa mtoto kupitia kondo la nyuma hupita katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Mtoto aliyezaliwa mapema ameondoka kabla ya kupewa fungu lake lote.

Sababu ya pili ni ngumu kidogo kuikubali. Mambo yaleyale yanayomwokoa mtoto huyu ndiyo pia yanayoifungulia kuvu mlango. Tuyatazame moja moja.

Kuna dawa za kuua bakteria, ambazo wengi tunaziita antibiotiki. Mtoto aliyezaliwa mapema huzihitaji mara nyingi, na bila hizo wengi wangekufa. Lakini dawa hizi haziui kuvu. Fikiria shamba. Mimea mizuri ikilijaza, magugu hukosa nafasi. Ukinyunyiza dawa inayokausha kila kitu isipokuwa gugu moja sugu, gugu hilo litalitawala shamba. Ndivyo inavyokuwa tumboni mwa mtoto. Bakteria wazuri wakifa, kandida husitawi. Kadiri dawa zinavyokuwa kali na kutumiwa siku nyingi, ndivyo hatari inavyozidi.

Kuna mipira na sindano. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kumeng'enya maziwa huwekewa mpira mwembamba unaoingia katika mshipa mkubwa wa damu, ili apewe maji, sukari na mafuta ya kumjenga. Mpira huo ni mlango kutoka nje hadi ndani ya damu. Isitoshe, kandida ikifika kwenye mpira hujishikilia na kutengeneza utelezi, kama ule utelezi unaoota ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa. Unajua utelezi wa mtungi hauondoki kwa kusuuza tu. Vivyo hivyo, kuvu iliyojificha katika utelezi wa mpira haiishi kwa dawa peke yake.

Kuna pia mashine ya kupumulia, upasuaji wa tumbo, baadhi ya dawa za kupunguza asidi tumboni, na kukaa hospitalini muda mrefu. Vyote hivi huongeza hatari.

Mama, sikiliza vizuri. Hatusemi ukatae antibiotiki, dripu au mashine. Mtoto wako anavihitaji. Tunasema kwamba mtoto akipata kuvu, si lazima kuna mtu aliyekosa, na wala si laana. Ni hatari inayoambatana na udogo wake na matibabu yake. Kazi yetu ni kuipunguza.

UTANDO WA MDOMONI SI SAWA NA KUVU YA DAMU

Akina mama wengi wanaufahamu ule utando mweupe unaotokea kwenye ulimi na ndani ya mashavu ya mtoto. Unafanana na maziwa yaliyoganda, lakini ukipangusa hautoki kwa urahisi, na ukitoka huacha sehemu nyekundu. Huo husababishwa na kandida hiyohiyo. Vilevile kuna wekundu wa sehemu za nepi wenye vipele vidogo pembeni.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, utando huu ni usumbufu mdogo unaotibiwa kwa dawa ya matone kama nistatini. Lakini kwa mtoto mdogo aliye nasari, utando mdomoni au upele mwekundu katika ngozi ni jambo la kumwambia muuguzi siku hiyohiyo. Unaonyesha kwamba kuvu imeongezeka, na mtoto huyu hana ukuta imara wa kuizuia isiingie ndani.

DALILI ZA KUVU KATIKA DAMU

Tatizo kubwa ni kwamba dalili zake hazina alama ya pekee. Zinafanana na za maambukizi ya bakteria. Usingoje homa, kwa sababu mtoto aliyezaliwa mapema anaweza kuwa mgonjwa sana na mwili wake ukawa baridi. Mwite muuguzi ukiona mojawapo ya haya:

– Mtoto amelegea kuliko jana, hashtuki unapomgusa, au analia kwa sauti dhaifu.
– Anaacha kupumua kwa muda, au anapumua kwa shida na rangi yake inageuka.
– Mwili ni wa baridi au wa moto kuliko kawaida.
– Maziwa aliyokuwa akiyapokea vizuri sasa anayatapika, au tumbo limevimba na kuwa gumu.
– Ngozi imekuwa ya kijivu, ya manjano au ya madoadoa.
– Ana upele mpya, au mahali palipoingia sindano pamekuwa pekundu na kuvimba.

Kuna dalili nyingine ambazo wewe huwezi kuziona, lakini maabara huziona: sukari kupanda katika damu, na kupungua kwa zile chembe zinazosaidia damu kuganda. Ishara nyingine ni pale mtoto anapopewa antibiotiki kwa siku kadhaa na hapati nafuu. Hapo daktari mwangalifu hujiuliza, "Je, hii si kuvu?"

Mama, wewe unamjua mtoto wako. Muuguzi mmoja anaweza kuwa na watoto wengi wa kuangalia. Ukihisi kwamba leo mtoto wako si yule wa jana, sema. Usiogope kuitwa msumbufu. Kwa mtoto wa gramu 900, saa chache zina maana kubwa.

DAKTARI HUTAMBUAJE?

Daktari huchukua damu kidogo na kuipeleka maabara ioteshwe. Kama kuna kuvu au bakteria, vitaota na kuonekana. Jambo hili huchukua siku kadhaa. Tena kuvu ni mjanja. Mara nyingi inakuwamo katika damu na bado kipimo kinaonyesha haimo, kwa sababu damu inayoweza kutolewa kwa mtoto mdogo ni kidogo mno. Ndiyo maana daktari anaweza kurudia kipimo, au kuanza dawa ya kuvu kabla ya majibu kufika. Hilo si kubahatisha. Ni kukataa kuchelewa.

Kuvu ikithibitishwa, daktari hutaka kujua kama imeenea. Anaweza kuagiza macho yapimwe, maji ya uti wa mgongo yachukuliwe, na picha za ultrasaundi za figo, moyo na kichwa zipigwe. Akina mama huogopa sana wakisikia habari ya uti wa mgongo. Lakini kandida inaweza kufika kwenye ubongo, na matibabu ya ubongo huchukua muda mrefu kuliko ya damu. Ni heri kujua mapema. Uliza, "Daktari, kipimo hiki ni cha kutafuta nini?" Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa.

MATIBABU NI YAPI?

Kwanza, dawa ya kuua kuvu hutolewa kupitia mshipa. Zinazotumiwa zaidi ni amfoterisini B na flukonazoli. Daktari huchagua kulingana na aina ya kuvu na hali ya mtoto, na hupima damu mara kwa mara kuangalia figo, ini na chumvi za mwilini, kwa maana dawa hizi zina nguvu.

Pili, ule mpira wa kwenye mshipa mkubwa huondolewa mapema iwezekanavyo. Kumbuka mfano wa mtungi. Ukiona wanautoa na kutafuta mshipa mwingine, usidhani wanamtesa mtoto bure. Wanaondoa maficho ya kuvu.

Tatu, matibabu ni ya muda mrefu. Damu huoteshwa tena na tena mpaka ionekane haina kuvu. Tangu siku hiyo, dawa huendelea kwa angalau majuma 2 mengine, na zaidi ikiwa ubongo au kiungo kingine kimeguswa. Kwa hiyo mtoto anaweza kuonekana amechangamka na bado ana siku nyingi za dawa.

Hebu tuseme ukweli. Ugonjwa huu ni hatari. Baadhi ya watoto hufariki hata baada ya kupata dawa, na baadhi wanaopona hubaki na shida ya macho, ya kusikia au ya kukua kwa akili. Ikiwa unatusikiliza na ulimpoteza mtoto kwa njia hii, tunakupa pole kutoka moyoni. Hukumuua mtoto wako. Na ikiwa mtoto wako anatibiwa sasa, ujue kwamba wapo wengi wanaopona na kukua, na kwamba dawa ikianza mapema matumaini huongezeka.

KUVU ILIYO SUGU

Tangu mwaka 2009, wataalamu wamekuwa wakifuatilia aina mpya inayoitwa Kandida auris, iliyotambuliwa kwanza nchini Japani. Imekwisha kupatikana katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Aina hii mara nyingi haisikii flukonazoli, na inaweza kukaa muda mrefu kwenye vitanda, mashine na meza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuvu zinazohitaji kupewa kipaumbele, na Kandida auris iliwekwa katika kundi la juu kabisa pamoja na kandida ya kawaida.

Jambo hili latuhusu hata sisi tulio nyumbani. Tunapotumia dawa za kuvu na antibiotiki ovyo, tunavifundisha vijidudu kuzoea dawa. Usinunue dawa hizi dukani bila kuandikiwa, na usimpe mtoto dawa iliyobaki ya ndugu yake.

MAMA ANAWEZA KUFANYA NINI?

Kwanza kabisa ni mikono. Kandida haipeperuki kwa upepo kumfuata mtoto. Husafiri kwa mikono na vifaa. Kabla ya kuingia nasari, vua pete, saa na bangili, kunja mikono ya nguo hadi juu ya kiwiko, nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, kati ya vidole na chini ya kucha, kisha uache mikono ikauke. Kata kucha ziwe fupi, na kucha za kubandika uziache kabisa, kwa sababu kuvu hujificha chini yake. Kama kuna dawa ya mikono yenye spiriti, itumie kabla ya kumgusa mtoto na baada ya kumgusa. Nawa tena ukishabadilisha nepi au kushika simu.

Na je, ukimwona mhudumu anakuja kwa mtoto wako moja kwa moja kutoka kwa mtoto mwingine bila kunawa? Sema kwa heshima: "Sista, samahani, naomba unawe mikono kwanza, mtoto wangu ni mdogo sana." Si utovu wa adabu. Mhudumu mwema hatakasirika, maana naye anajua mtu akiwa na kazi nyingi husahau.

Pili ni maziwa yako. Maziwa ya mama, na hasa yale ya kwanza ya rangi ya manjano, yana kinga na huwalisha bakteria wazuri wa tumboni. Tena kadiri mtoto anavyozoea maziwa mapema, ndivyo anavyoweza kutolewa mpira wa mshipani mapema, na mlango wa kuvu hufungwa. Kamua angalau mara 8 kwa siku, na usiku pia. Anza mara baada ya kujifungua, hata kama yanatoka matone machache. Kamulia kwenye chombo safi kilichochemshwa, na mtoto akianza kunywa, tumia kikombe kidogo badala ya chupa yenye chuchu, ambayo ni ngumu kusafisha. Kama maziwa yako hayajatosha, uliza kama hospitali ina maziwa ya msaada yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu. Hapa Kenya, benki ya kwanza ya maziwa ya mama ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Usimpe mtoto maziwa ya mama mwingine kienyeji.

Tatu ni kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe. Njia hii ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, wakati inkubeta zilikuwa chache na maambukizi yalikuwa mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8, ulionyesha kwamba kuwabeba hivi mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali zao zitulie, kulipunguza vifo kwa karibu robo. Mtoto aliye kifuani mwa mama hupata joto, hunyonya mapema, na huguswa na mikono michache. Uliza, "Je, mtoto wangu anaweza kubebwa kifuani leo?"

Nne, uliza kuhusu mipira na dawa. "Daktari, mpira huu bado unahitajika? Antibiotiki hii itaendelea kwa siku ngapi?" Maswali haya mawili humkumbusha daktari kuondoa kile kisichohitajika tena.

Tano, kuna hospitali zinazowapa watoto wadogo kabisa flukonazoli ya kuzuia kuvu kabla haijaingia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuata watoto 100 wenye uzito chini ya gramu 1000. Katika wale 50 waliopewa dawa hiyo, hakuna aliyepata kuvu ndani ya mwili. Katika wale 50 wengine, 10 waliipata. Lakini si kila nasari inahitaji kufanya hivyo. Inategemea kuvu imeenea kiasi gani pale. Huo ni uamuzi wa madaktari, wala si dawa ya kununua wewe mwenyewe.

Na wewe mama mjamzito: ukiwashwa sehemu za siri na kutokwa na uchafu mweupe mzito kama maziwa mgando, nenda kliniki utibiwe kabla ya kujifungua. Waambie una mimba, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya kuvu havifai kwa mjamzito.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUULIZA

"Kama kuvu inatoka kwa watu, si afadhali nikae mbali na mtoto wangu?"

La, mama. Mtoto wako anahitaji kugusana nawe, joto lako na maziwa yako. Nawa mikono, kisha mshike. Kumwacha peke yake hakumkingi.

"Mtoto wa jirani yangu wodini ana kuvu. Je, wangu yuko hatarini?"

Haiji kwa hewa mkikaa karibu. Inaweza kuja mkishirikiana taulo, kikombe au blanketi, au mkishika watoto wa wenzenu. Basi kila mtoto na vitu vyake. Lakini msimtenge mama huyo. Anahitaji mtu wa kumwambia pole.

"Nyanya anasema nimpanguse ulimi kwa chumvi au asali utando uishe."

Tunamshukuru nyanya kwa upendo wake, lakini usifanye hivyo. Kusugua kunachubua ulimi na kuifungulia kuvu njia. Asali ina hatari yake yenyewe na haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1. Mwonyeshe muuguzi. Na ikiwa chuchu zako zinauma kama zinachomwa, zimekuwa nyekundu na kung'aa, sema hilo pia, ili mama na mtoto watibiwe pamoja.

"Mtoto amepata nafuu, bili inapanda, na baba anataka twende nyumbani. Je, tunaweza kumalizia dawa huko?"

Swali hili tunaliheshimu, kwa sababu shida ya pesa ni ya kweli. Lakini ukimwondoa mtoto kabla dawa haijaisha, kuvu iliyobaki inaweza kurudi na nguvu mpya, na safari hii ikashika macho au ubongo. Gharama itakuwa kubwa zaidi, na huenda ukampoteza. Kabla ya kuamua, mwone daktari na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, mzungumze habari ya bili. Baba naye aje asikie maelezo kwa masikio yake, badala ya kuambiwa kwa simu.

MKIFIKA NYUMBANI

Endelea kumbeba kifuani na kumnyonyesha. Wageni wanawe mikono, na walio na mafua wangoje nje. Usimpe maji ya sukari wala dawa ya tumbo ya dukani. Rudi kliniki kila tarehe uliyopewa, na hasa tarehe ya macho na ya kupima masikio, hata kama mtoto anaonekana mzima kabisa. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa baridi au moto sana, au akipumua kwa shida, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali na ubebe kijitabu chake cha kliniki, ukawaambie alizaliwa mapema na alitibiwa kuvu.

TUKUMBUKE HAYA

Kuvu huishi kwa watu wote, na kumpata mtoto si kosa la mama. Mtoto mdogo sana huumwa nayo kwa kuwa mwili wake haujakomaa na matibabu yake yana milango. Milango hiyo hufungwa kwa mikono safi, maziwa ya mama, kubebwa kifuani, na maswali ya mama asiyenyamaza. Dawa ikianza, imalizwe.

Mweleze na mwenzako haya uliyoyasikia, hasa yule ambaye mtoto wake yuko nasari leo. Kwaheri, na Mungu awalinde watoto wetu.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadiliana katika kikundi cha wasikilizaji:

1. Kwa nini antibiotiki, ambazo humwokoa mtoto, huweza pia kuisaidia kuvu?
2. Taja dalili 4 ambazo ukiziona kwa mtoto aliye nasari utamwita muuguzi mara moja.
3. Ungemwambia nini mhudumu aliyesahau kunawa mikono? Jaribuni kuigiza, mmoja awe mama na mwingine awe muuguzi.
4. Jamaa wanataka mtoto atolewe hospitalini kabla ya dawa kwisha. Mngewashauri vipi?